Kiputo au Umande

Aneth hutazama kioo. Ndiyo kazi yake, ingawa kitambulisho chake cha kazini kinaitaja kwa maneno marefu zaidi. Kioo chenyewe ni kidogo na kinene, kimepachikwa ubavuni mwa chombo cha chuma, na nyuma yake hukaa kitu kilichotolewa chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika. Aneth hulegeza mgandamizo kidogo kidogo, kisha husubiri. Kikitokea kiputo kimoja, kidogo kama jicho la sisimizi, basi kilichomo ni mafuta. Kioo kikififia, kikavaa ukungu mwembamba kama ule wa asubuhi juu ya majani ya mgomba, basi kilichomo ni gesi. Kiputo au umande. Kusubiri huko kunaweza kula siku nzima, na kioo kinatosha macho ya mtu mmoja tu.

Maabara iko pembezoni mwa Dar es Salaam. Mitungi huletwa kutoka kwenye visima asivyovijua, vingine vya nchi za mbali, na majibu yakishatoka hupelekwa kwa watu asiowaona. Hufanya kazi mwezi mmoja, hupumzika mwezi mmoja. Ukifika mwezi wa mapumziko hupanda basi kurudi Same, kwenye nyumba aliyoijenga chini ya milima, ambako upepo hautulii na mchanga huingia hata kwenye chumvi.

Hakuolewa. Alikuwapo fundi umeme mmoja wa Mwanga, mtu mpole, lakini kuondoka na kurudi kulimchosha, akaoa mwalimu wa Msangeni. Aneth alipeleka seti ya sufuria kwenye harusi, akala, akacheza kidogo, akarudi Same na basi la jioni.

Juu ya milima, Bombo, alikuwa na baba yake, mzee Aminieli, mtunza ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo Wapare wa zamani walilichimba kwenye kiuno cha mlima. Kijito hulijaza usiku kucha. Alfajiri kizibo cha mti huvutwa, maji yakashuka mferejini kwenda mashambani, shamba kwa shamba, kwa zamu. Jioni kizibo hurudishwa. Mzee Aminieli ndiye aliyevuta na ndiye aliyerudisha, na ndiye aliyesema leo ni zamu ya nani. Watu walimbishia kila siku, na kila siku walifuata alichosema.

Aneth alipoajiriwa, mzee alitaka kuelewa. Walikuwa wamekaa barazani, mama yake akiwa hai bado, anapika jikoni.

"Hayo mafuta yako," mzee alisema, "yamekaa kwenye ndiva kubwa kiasi gani?"

"Hayako kwenye ndiva, baba. Yamo ndani ya jiwe."

"Ndani ya jiwe!"

"Jiwe lina vitundu vidogo vidogo, huvioni kwa macho. Kama andazi ukilipasua."

"Basi naelewa. Maandazi ya mama yako ni jiwe kabisa."

"Nimekusikia, Aminieli!" sauti ilitoka jikoni. "Kesho utakunywa chai na hilo jiwe la Aneth."

Walicheka wote watatu, kila mmoja upande wake wa ukuta. Kisha Aneth akapanga vikombe juu ya benchi. Cha kwanza akakitilia oili chafu ya pikipiki ya jirani. Hayo ni mafuta meusi, alisema. Mazito, na yanapotoka hupanda na gesi kidogo. Cha pili akakitilia chai ya rangi iliyokolea mpaka ikawa nyekundu. Hayo ni mafuta mepesi. Ukiyalegeza kidogo tu, sehemu kubwa hugeuka gesi. Cha tatu akakitilia chai iliyozimuliwa mpaka ikawa na rangi ya majani makavu. Hiyo chini ni gesi, ila ina uzito ndani yake. Cha nne akakitilia maji matupu, matone machache. Hiyo nayo ni gesi chini, na inapofika juu kwenye ubaridi hutoa kidogo kama hicho. Cha tano akakiacha kitupu. Hiyo ni gesi kavu: chini gesi, juu gesi. Nyingi ya ile inayochimbwa kusini mwa nchi ni ya namna hiyo.

"Cha tano ni Wilbard," mzee alisema. Wilbard alikuwa mzee wa kanisa ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka wala akinuna.

"Wilbard kabisa, baba."

"Sasa unajuaje, na viko chini huko?"

"Tunapima kwanza gesi inayotoka na kila pipa la mafuta. Ikiwa kidogo, ni kikombe cha kwanza. Ikizidi sana, tunasogea huku. Tunaangalia rangi, tunapima uzito wa mafuta yenyewe. Lakini hivyo vyote vinakuelekeza tu. Mwisho lazima ukae kwenye kioo uone kinachoanza, kiputo au umande."

Mzee aliinama juu ya vikombe, akavirudia kimoja kimoja kama mtoto anayesoma. Cha tatu kilimkwamisha.

"Hiki umesema ni gesi."

"Ni gesi, ikiwa imebanwa huko chini kwenye joto."

"Na ukiilegeza inatoa maji?"

"Inatoa mafuta mepesi. Yanadondoka kama umande."

"Kulegezwa ndiko kunakoleta maji? Hiyo imekosea njia, mwanangu. Kitu kikilegezwa huwa mvuke."

"Kila mtu anashangaa, baba. Hata mimi nilishangaa. Na kibaya ni kwamba kisima kikianza kuchoka, ule uzito unadondoka humo humo ndani ya jiwe, kabla haujafika juu. Ukishadondoka, mwingi hautoki tena."

"Unabaki huko?"

"Unabaki."

Mzee alikitazama kile kikombe cha rangi ya majani makavu. "Masikini," akasema, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

Mama yake alifariki mwaka ambao mvua za vuli zilichelewa. Mzee akabaki peke yake na ndiva yake. Kisha msimu mmoja wa masika aliteleza kwenye njia ya mferejini, akaumia nyonga, akalala pale mpaka Nickson, mtu wa makamo mwenye shamba la chini, alipomkuta. Nickson alikuwa na mke na watoto na akili timamu. Ndiye aliyempigia Aneth simu. Aneth alipanda Bombo, akafunga mlango wa nyumba ya wazazi wake, akamteremsha baba yake Same.

Nyonga ilipona polepole. Kitu kingine hakikupona. Mzee Aminieli alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, mikono juu ya magoti, akitazama ukuta. Ukimpa chakula alikula. Ukimwambia alale alilala. Hakuuliza kitu. Aneth alipokuwa kazini, Saada aliyepanga chumba cha uani ndiye aliyemtunza. Saada alitoka Tanga kufuata kazi za mkonge, akaishia kuuza vitumbua stendi, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Baba yako ni mpangaji mzuri kuliko wote," alisema siku moja. "Hapigi redio, halalamiki chumvi. Lakini dada, ananitisha. Jana nimemwimbia taarabu mpaka mwisho, hata jicho hakupepesa."

"Labda hukuimba vizuri."

"Nimeimba kama nimekodiwa! Nikamwambia, babu, kama ni mbaya nitupie kiatu. Kimya."

Aneth alimpeleka kwa daktari. Daktari, kijana mwenye adabu, alipiga magoti ili macho yake yalingane na ya mzee. "Shikamoo babu. Leo ni siku gani? Huyu uliyekuja naye ni nani?" Mzee alitazama viatu vya daktari. Aneth akajibu kwa niaba yake, swali la kwanza na la pili na yote yaliyofuata. Daktari akasema uzee hufika kwa kila mtu kwa njia yake, kumbukumbu ndiyo hutangulia kuondoka, cha muhimu ni usalama na mazoea.

Usalama ulikuwepo. Aneth aliweka fito za kushikia bafuni, akabadilisha godoro. Jioni alimsogezea kiti nje, mahali ambapo milima ilionekana ikiwa imejifunika wingu, na mzee alitazama chini, kwenye mchanga.

Ndipo Nickson alipopiga tena simu.

"Dada Aneth, wazee wa mfereji wanataka neno. Navuta kizibo mimi, lakini nakivuta kama mtu aliyeazima. Watu wananibishia, na wakinibishia sina la kuwajibu. Wanasema kama mzee Aminieli ameshamaliza, aseme, au wewe useme kwa ajili yake, nikabidhiwe mbele ya watu. Na nyumba ile, dada, ikifungwa hivi itaanguka. Kuna mwalimu mgeni anatafuta kuipanga."

"Nikirudi kutoka kazini nitampandisha," Aneth alisema. "Tutakuja kusema neno hilo pamoja."

Alijua analolisema. Wakishamkabidhi Nickson kizibo, na mwalimu akaingia nyumbani, mzee hangekuwa na mahali pa kurudi Bombo. Aneth alijiambia kwamba hakuna kinachorudi. Daktari alikwishasema.

Mwezi ule maabara ilipokea mitungi mipya. Erasmo, kijana wa Bukoba aliyeajiriwa karibuni, mwepesi wa mikono na wa maneno, alimfuata Aneth mlangoni hata kabla hajavaa koti.

"Dada, mmoja nimeshaumaliza. Gesi tupu. Nimefungua valvu ya juu kidogo, imetoka safi, haina tone. Naandika kavu, tunaendelea na mwingine."

"Umeupasha?"

"Joto la nini tena? Si umejionyesha wenyewe?"

Aneth aliuwekea mtungi kiganja. Chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. "Erasmo, kilichomo humu kimetoka kwenye joto la kuivisha makande, kimebanwa na mlima mzima. Wamekipakia melini, wamekishusha, tumekiweka kwenye chumba cha kiyoyozi. Chote kilichokuwa na uzito kimeshuka, kimeshikamana na kuta huko chini ndani. Wewe umefungua juu."

"Kwa hiyo umenidanganya, wewe mtungi!" Erasmo aliugonga kwa kidole.

"Haujakudanganya. Umeuuliza ukiwa umelala. Uamshe kwanza."

Kuamsha mtungi ni kazi ya siku kadhaa. Huvishwa blanketi la umeme, hurudishiwa joto la kule ulikotoka, hubanwa mpaka ule mgandamizo wa zamani, kisha huwekwa kwenye kitanda cha chuma kinachoupindua huku na huku bila kuchoka. Hakuna unachoona. Kitanda hulia kama bawaba kavu, na mtu mwingine angefikiri ni upuuzi, chuma kinabembeleza chuma. Erasmo alipita kila asubuhi akauliza, "Hajaamka mgonjwa?" na Aneth akajibu, "Mwache."

Ulipokuwa tayari, walihamishia kiasi kwenye chombo chenye kioo, na Aneth akakaa. Ndani palikuwa peupe kabisa, kama hapana kitu. Alilegeza kidogo. Peupe. Akalegeza tena. Nje watu walienda kula, wakarudi. Kisha ukingoni mwa kioo pakafifia, na ule ukungu ukatambaa ukafunika kioo chote, na alipozidi kulegeza, matone yakajikusanya yakateremka, yakatulia chini yakiwa na rangi ya majani makavu. Yalikuwa mengi kuliko alivyotegemea.

"Kikombe cha tatu," Aneth alisema taratibu.

"Kikombe gani?" Erasmo aliweka jicho lake kwenye kioo, akapiga mluzi. "Duh. Na mimi nilishaipa jina."

Alicheka, kijana wa watu, akaenda kufuta alichoandika. Aneth hakucheka. Alibaki amekaa na mkono juu ya chuma kilichokuwa bado na joto, akiona kiti cha plastiki, na dirisha, na mikono miwili ya mzee juu ya magoti. Swali la daktari lilikuwa jema. Ni yeye Aneth aliyemleta mtu kutoka kwenye mlima wake, akamweka penye joto jingine na upepo mwingine, kisha akajibu kwa niaba yake.

Aliporudi Same hakumwambia Saada alichokuwa anafikiri, kwa sababu hakikuwa na uhakika na kingeweza kuwa upumbavu wa mtu aliyekaa sana na mitungi. Alikodi gari, Noah. Wakapita kijiji cha Kisiwani, mzee akiwa amefungwa mkanda kiti cha mbele, kimya. Walipoanza kupanda, masikio yakaziba, yakazibuka. Ubaridi ukaingia dirishani na harufu ya udongo uliolowa. Mzee akapandisha kioo, akakishusha tena. Basi. Usiku ule walilala kwenye nyumba ya zamani, na kabla ya kulala Aneth alimwambia polepole kwamba wazee watakuja kusikia neno. Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mgeni anayeongea sana.

Kulipopambazuka kitanda cha mzee kilikuwa kitupu.

Aneth alitoka mbio na kanga moja, miguu peku, kwenye njia ile ile aliyoangukia mzee. Ukungu ulikuwa mzito, migomba inadondosha maji. Kabla hajaona kitu alisikia sauti ya mwanamke, kali.

"Baba Aneth, mimi nina maharage yanakufa! Huyo wa juu ana nini, ana majani ya ng'ombe tu!"

"Zamu yako kesho, Hedwiga."

"Kesho, kesho! Umeondoka miezi yote hii, umejuaje zamu?"

"Kwa sababu leo kijito kimeingia kwa mkono wa kushoto. Kikiingia hivyo shamba la juu linaanza, lako linapata kesho yake maji ya usiku mzima. Nilikwambia hivyo mwaka ule ulioiba zamu ya marehemu mumeo, na yeye alikuwa hai, amesimama hapo hapo anakutazama."

Watu waliokuwa kwenye ukingo wa ndiva waliangua kicheko, na Hedwiga mwenyewe akafunika mdomo na upande wa kanga. Mzee Aminieli alikuwa amesimama kwenye tope, suruali imekunjwa, fimbo kwapani, mkono mmoja umeshika kizibo pamoja na mkono wa Nickson. "Usikivute kwa hasira," alimwambia Nickson. "Kizungushe kwanza. Kiache kipumue." Kizibo kikatoka na sauti kama ya busu, maji yakaanguka mferejini.

Aneth alisimama pale ukingoni. Mzee aligeuka akamwona. Uso wake ukafunguka wote.

"Aneth! Umekuja lini?"

"Shikamoo, baba. Jana."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko kwenye mawe yako hawakupi chakula?" Akawageukia watu. "Huyu ni binti yangu. Yuko kazini mbali. Hajaja siku nyingi sana."

Hedwiga alitazama chini. Miezi yote ile ya Same, mikono yake Aneth iliyokata kucha za mzee, iliyompaka mafuta mgongoni, iliyomsogezea kiti jioni, haikuwemo kichwani mwake. Haikuacha hata doa.

Nickson alimsogelea, anapangusa tope mikononi. "Dada, wazee watauliza. Niwaambie neno gani?"

Lilikuwa neno jepesi, na alikuwa amelibeba kutoka Same likiwa tayari. Lingempa baba wa kumkuta nyumbani kila mwisho wa mwezi wa kazi, mtu wa kumwambia nimefika, hata asiyejibu.

"Waambie kizibo bado ni cha Aminieli," alisema. "Wewe uvute, yeye aseme. Na mwalimu atafutiwe nyumba nyingine."

"Atakaa na nani?"

"Chumba cha nje kipo, Baba Aneth hang'ati," Hedwiga alidakia, alikuwa ameshasogea kusikiliza. "Mwanangu Irene atalala pale. Chakula atakula kwangu. Nitamlisha vizuri mpaka anipe zamu."

"Hutapata," mzee alisema bila kugeuka.

Aneth alikaa Bombo mpaka mapumziko yake yalipokaribia kwisha. Kila asubuhi mzee alimfurahia upya, na kila asubuhi alimuuliza amekuja lini. Siku ya kushuka hakumuaga. Alimwacha ukingoni mwa ndiva anagombana.

Saada alikuwa ameshafagia chumba. Kiti cha plastiki kilikuwa pale pale kando ya dirisha, na Aneth alikitoa uani, kisha akakirudisha. Jioni upepo ulipoanza kurusha mchanga aliketi juu yake, akapiga simu ya Nickson.

"Yuko hapa, dada, tumemaliza kufunga. Ngoja nimpe."

Alisikia simu ikipita mkono kwa mkono, pumzi ya mzee, na nyuma yake kijito kikiingia ndiva kwa usiku.

"Baba, ni mimi."

Aneth alishika simu kwa mikono miwili.

"Wewe zamu yako lini?" mzee aliuliza. Sauti ilikuwa ya upole, ile anayoitumia kwa watu wa mashamba ya mbali, ambao sura zao hazijui vizuri.

Nje, milima ilikuwa imeshapotea ndani ya wingu.

"Mimi ni wa mwisho kabisa, baba. Chini huku."

"Basi subiri," alisema mzee Aminieli. "Usiondoke. Yatakufika."